Mke Kasafiri, Jamaa Kabaki na Kompyuta Iliyotelekezwa: Wiki Tatu Zilizozaa Unachosoma Leo

Unafungua ukurasa kwenye simu. Kamduara kanazunguka, kanazunguka, bando linakatika na habari yenyewe haijafunguka. Wengi wanalaumu mtandao wa simu. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi nyuma ya kale kamduara kuna ubishi wa zamani wa watu wa kompyuta. Kompyuta ifanye kazi kiasi gani kabla ya kumpa mtu alichoomba?

Ubishi huo una zaidi ya miaka 50. Ndani yake kuna mchezo wa kurusha chombo angani, safari ya mke ukweni, na msiba ambao dunia haikuuona kwa sababu ilikuwa bado inalia msiba mwingine.

Wahusika wakuu ni wawili. Wenye fani wanawajua kwa majina, lakini watu wa kawaida wanaoitumia kazi yao kila siku hawajawahi kuwasikia. Basi hapa mmoja ataitwa Rubani, kwa sababu ndege ndio ugonjwa wake. Mwingine ataitwa Mkimya, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

MCHEZO WA DOLA 75

Mahali ni Bell Labs, Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Hii ilikuwa maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, ile ile iliyozaa transista mwaka 1947. Miaka ya 60, Bell Labs, chuo cha MIT na kampuni ya General Electric waliungana kujenga mfumo endeshi mmoja mkubwa ulioitwa Multics.

Mfumo endeshi ndio bosi wa kompyuta. Unagawa kumbukumbu, unatunza mafaili, na unaamua programu ipi ifanye kazi sasa hivi na ipi isubiri foleni. Multics ilikuwa na mawazo mazuri sana ila ilichelewa na kula hela. Mwaka 1969 Bell Labs wakajitoa, na vijana waliokuwa wameizoea wakabaki mikono mitupu.

Rubani alikuwa na miaka 26. Alikuwa ametengeneza mchezo wa kuongoza chombo katikati ya sayari na kutua taratibu bila kugonga. Tatizo ni kwamba kwenye ile kompyuta kubwa ya ofisini, kucheza mara moja tu kulikula kama dola 75 za muda wa mashine. Dola 75 za mwaka 1969, siyo za leo! Na mchezo wenyewe ulikuwa unakwamakwama.

Akaanza kupekua ofisi nyingine, akaikuta PDP-7, kompyuta ndogo ambayo hakuna aliyekuwa anaigombania. Kumbukumbu yake ilikuwa na maneno 8,192 ya biti 18 kila moja. Ukipiga hesabu ya leo ni kilobaiti 18 hivi. Selfie moja ya simu ya kawaida haiingii humo hata ukiikata vipande mia.

Rubani akahamishia mchezo wake humo, na baada ya hapo akatengeneza vitu vingi ambavyo mfumo endeshi unavihitaji, ikiwemo namna ya kupanga mafaili kwenye diski. Kilichobaki kilikuwa muda.

Muda ukaletwa na familia. Kiangazi cha mwaka huo mke wake akamchukua mtoto wao wa mwaka mmoja, wakaenda California kusalimia wazazi. Wapo ambao mke akisafiri ndio wanakumbuka marafiki wa zamani. Huyu alijifungia na PDP-7. Kwa simulizi yake mwenyewe alitumia wiki moja kuandika kihariri cha kuandikia programu, wiki moja asembla ya kugeuza maandishi kuwa amri za mashine, na wiki moja kiini cha mfumo. Wiki tatu, mtu mmoja. Familia iliporudi, kompyuta iliyotelekezwa ilikuwa inajitegemea.

Wenzake baadaye wakaupa mfumo huo jina la utani, wakiicheka ile Multics iliyowashinda. Wakauita Unix.

NGAZI YA CHINI SIYO DHARAU

Hapa inabidi lieleweke jambo moja. Watu wa kompyuta wanaposema programu za ngazi ya chini hawamaanishi programu duni. Wanamaanisha chini kama msingi wa nyumba ulivyo chini. Ni zile programu zinazogusana na vyuma vyenyewe: kumbukumbu, diski, waya wa mtandao. Mgeni akija nyumbani anasifia rangi na vigae, hakuna anayesifia msingi. Lakini ukipasuka, wote wanalala nje.

Unix ya kwanza iliandikwa kwa asembli, yaani karibu na lugha ya mashine yenyewe, na kila aina ya mashine ina lugha yake. Maana yake ukinunua kompyuta ya aina nyingine, kazi yote unaanza upya. Na kweli walitaka nyingine. Wakubwa walikuwa wameshaungua na Multics, hawakutaka kusikia habari ya kununulia watu kompyuta wachezee mifumo endeshi. Vijana wakatumia akili ya mjini: wakasema wanataka mashine ya kusaidia kuandaa maandishi ya ofisi. PDP-11 ikanunuliwa mwaka 1970. Na hawakudanganya, kwa sababu mwaka 1971 wapiga chapa wa idara ya hataza walikuwa wanaitumia Unix kazini.

Ndipo anaingia Mkimya. Baba yake naye alikuwa mtafiti wa Bell Labs. Yeye alisoma Harvard, akaandika tasnifu ya udaktari, na bado hakuwa daktari. Mtu aliyesoma naye anasimulia kwamba chuo kilidai nakala iliyojalidiwa kwa ajili ya maktaba, Mkimya akaona kama chuo kinaitaka basi kilipie chenyewe. Hakulipa, hakupewa cheti, na wala hakuonekana kukosa usingizi.

Kati ya mwaka 1971 na 1973 Mkimya alichukua lugha ya programu ya Rubani iliyoitwa B, akaikuza mpaka ikawa lugha mpya. Akaiita C. Uzuri wake ni kwamba inakuruhusu kushika kumbukumbu ya mashine kwa mkono wako, kama asembli, lakini binadamu anaisoma akaelewa, na ukipata kompaila ya mashine nyingine kazi yako unahama nayo.

Haikuja kirahisi. Mwaka 1972 Rubani alijaribu kuandika upya kiini cha Unix kwa C akashindwa, kwa sababu lugha haikuwa na namna ya kufunga taarifa zinazohusiana kwenye furushi moja. Mkimya akaiongezea uwezo huo. Kiangazi cha 1973 wakajaribu tena, ikakubali. Wakati huo wengi waliamini mfumo endeshi lazima uandikwe kwa asembli, la sivyo utakuwa mzito.

Unix ilisambaa kwa sababu ya ajabu. AT&T ilikuwa na makubaliano na serikali tangu mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya mambo ya simu. Kwa hiyo haikuweza kuiuza kama kampuni za kompyuta zilivyouza mifumo yao. Vyuo vikawa vinapewa kwa bei ya chini, pamoja na programu asili yenyewe mtu aisome. Kizazi kizima cha wanafunzi kikajifunza kwa kuchungulia kazi ya watu wengine. Mwaka 1983 Rubani na Mkimya wakapewa tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kubwa kuliko zote.

MASHINE YENYE MAANDISHI MEKUNDU

Sasa hama New Jersey, nenda Geneva. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja aliyekuwa anafanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa chembe za atomu, alichoka kuona taarifa za wanasayansi zimetawanyika kila kompyuta na namna yake. Akaandika pendekezo. Bosi wake aliandika juu ya karatasi kwamba halieleweki vizuri ila linavutia. Kwa maana nyingine: endelea, ila mimi sijasema.

Mwisho wa mwaka 1990 tovuti ya kwanza duniani ilikuwa inafanya kazi kwenye kompyuta ya NeXT, kampuni aliyoianzisha Steve Jobs baada ya kuondoka Apple mwaka 1985. Mfumo endeshi wa NeXT ulikuwa wa ukoo wa Unix. Juu ya mashine ile Mwingereza alibandika karatasi yenye wino mwekundu kuonya watu wasiizime, kwamba ile ni seva. Mfagizi angeichomoa kwenye umeme, mtandao wote wa dunia ungekuwa umezimika.

Ilivyokuwa inafanya kazi ni rahisi mno. Kivinjari kinatuma mstari mmoja: nipe faili hili. Seva inamwomba bosi, yaani mfumo endeshi, ifungue faili, isome, itume, ifunge. Kwisha. Amri hizo nne zilikuwepo Unix tangu siku za PDP-7. Ukurasa uliandikwa mara moja, ukawekwa kwenye folda, na kila anayekuja anapewa ule ule. Hiyo ndiyo tovuti tuli. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaiachia teknolojia hiyo kwa dunia nzima bure.

CHAPATI ZA TAYARI NA CHAPATI ZA KUSUBIRI

Mwaka huo huo wa 1993, kule Illinois Marekani, vijana wa kituo cha NCSA walileta utaratibu mpya. Mgeni akiomba ukurasa, seva badala ya kutoa faili lililopo inaamsha programu, programu inapika ukurasa hapo hapo. Mwaka 1994 jamaa mmoja mzaliwa wa Greenland aliandika viprogramu kwa C ili ajue nani anasoma wasifu wake wa kuombea kazi mtandaoni. Viprogramu hivyo vikakua, vikawa PHP. Mwaka 2003 vijana wawili, Mmarekani na Mwingereza, wakatumia PHP kuanzisha WordPress.

Mama ntilie yeyote anaujua mjadala huu. Unaweza kupika chapati alfajiri, ukaziweka kwenye hotipoti, mteja akifika anapewa dakika hiyo hiyo. Au unaweza kusubiri mteja afike ndipo ukande unga. Namna ya pili inakuruhusu kumuuliza anataka ya maji, ya kusukuma, au yenye yai. Lakini wakija wateja mia kwa wakati mmoja, foleni inafika barabarani.

Tusionee upande mmoja. Bila kupika papo hapo kusingekuwa na kuingia kwa nywila, duka la mtandaoni, wala kuacha maoni chini ya habari. Tatizo lilianza pale kila mtu alipokanda unga upya hata kwa ukurasa ambao haubadiliki mwaka mzima. Hifadhidata inaamshwa, programu inakimbia, na kila mlango unaoongezwa ni mlango ambao mwizi anaweza kuujaribu.

Watu wa ngazi ya chini walijaribu kuokoa jahazi. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa Marekani aliandika makala akiuliza seva itawezaje kuhudumia watu 10,000 kwa mpigo. Mwaka 2002 Mrusi mmoja, mtunza mitambo wa kampuni ya intaneti ya kwao, akaanza kuandika jibu lake kwa C, akaliachia hadharani Oktoba 2004 kwa jina la nginx. Seva nyingi za wakati ule zilitenga mhudumu mmoja kwa kila mteja, hata kama mteja kakaa kimya. Yeye akafanya mhudumu mmoja ahudumie maelfu, bosi akimwambia tu nani yuko tayari. Na kama kinachotakiwa ni faili tuli, kuna amri ya kumwambia bosi alitoe faili moja kwa moja mpaka kwenye mtandao bila kupitia mikononi mwa seva. Hapo chapati inatoka kwenye hotipoti yenyewe.

BANDO NI LA NANI?

Huku kwetu jambo hili liligusa mfuko. Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya pwani hii ilitegemea zaidi satelaiti. Walioingia internet café enzi hizo wanakumbuka: unalipia nusu saa, dakika kumi zinaishia kusubiri ukurasa mmoja. Mkongo ulipofika mambo yakawa mepesi, na wenye tovuti duniani kote walikuwa wameshajisahau. Ukurasa wa kwanza wa CERN, ambao mwaka 2013 walirudisha kwenye anwani yake ya asili, una kilobaiti chache tu. Siku hizi ukurasa wa kawaida unavuka megabaiti mbili, na maneno unayoyasoma humo ni sehemu ndogo mno. Kilichobaki ni picha, matangazo, na viprogramu vya kufuatilia msomaji.

Mwenye tovuti halipii uzito huo. Anaulipia anayesoma, kwa bando lake.

Ndipo ukaanza mwendo wa kurudi nyuma. Mwaka 2001 mke na mume wa California walikuwa wametoa programu ya blogu, Movable Type, iliyopika kurasa zote mapema na kuziacha kama mafaili. Mwaka 2008 jamaa wa San Francisco akatoa Jekyll: unaandika habari kwenye mafaili ya kawaida, unatoa amri moja, unapata folda ya kurasa zilizoiva. Hakuna hifadhidata ya kuvamia, hakuna programu ya kuamsha usiku wa manane.

Na nani anarudi kwenye picha? Rubani! Mwaka 2007 alikuwa Google, miaka 64, rika la watu kustaafu na kufuga kuku. Yeye na wenzake wawili walichoka kusubiri kompaila imalize kazi kwenye programu kubwa, wakaanza kubuni lugha mpya. Ilitoka hadharani Novemba 2009 kwa jina la Go. Mwaka 2013 jamaa mwingine akaitumia Go kuandika Hugo, programu ya kujenga tovuti tuli inayoweza kuivisha maelfu ya kurasa kwa sekunde. Jamaa wa PDP-7, zaidi ya miaka 40 baadaye, mkono wake bado uko jikoni.

Katikati hapo Rubani aliishi maisha yake. Alijenga kompyuta ya kucheza sataranji iliyobeba ubingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1980. Mwaka 1992, wakiwa mgahawani New Jersey, yeye na mwenzake walichora kwenye karatasi ya mezani mpango wa UTF-8, namna ya kuandika herufi za lugha zote ambayo leo iko karibu kila ukurasa wa intaneti. Desemba mwaka huo huo akaenda Urusi kupanda ndege ya kivita ya MiG-29. Na mwaka 2019 watu walipofanikiwa kuvunja nywila yake ya zamani ya Unix, wakakuta ni hatua ya kwanza ya kufungua mchezo wa sataranji.

WIKI MOJA BAADA YA JOBS

Mkimya hakuwa na vituko hivyo. Alibaki Bell Labs karibu maisha yake yote ya kazi. Alistaafu, akaendelea kuishi peke yake New Jersey.

Tarehe 5 Oktoba 2011 Steve Jobs alifariki. Watu walipeleka maua na mishumaa kwenye milango ya maduka ya Apple, marais wakatoa salamu. Wiki moja baadaye, tarehe 12, Mkimya alikutwa nyumbani kwake akiwa amefariki. Alikuwa na miaka 70. Habari zilitolewa na mtu aliyefanya naye kazi kupitia ukurasa wake wa mtandao, na ilichukua muda kwa magazeti kuelewa ni nani huyo.

Lakini hebu fikiria. Kiini cha mfumo wa iPhone kimeandikwa zaidi kwa C na kina ukoo wa Unix. Kiini cha Android ni Linux, ambayo ilianzishwa na mwanafunzi wa Helsinki mwaka 1991 kwa kuiga Unix, nayo kwa C. Seva zilizobeba zile salamu za rambirambi, nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Dunia ilimlilia Jobs kwa kutumia kazi ya Mkimya, na Mkimya mwenyewe akaondoka bila mshumaa.

Aliacha ukurasa wake binafsi kwenye tovuti ya Bell Labs. Hauna picha zinazoruka wala kamduara. Ni maandishi, linki, na karatasi zake za miaka ya 70, mafaili matupu kwenye folda. Mwenyewe ameondoka lakini Bell Labs wameuhifadhi. Kuuhifadhi hakukuhitaji fundi wa kufufua hifadhidata, kwa sababu folda unainakili tu kama unavyonakili nyimbo kwenye flashi.

Blogu ngapi za Kibongo za miaka ya 2000 zimepotea na habari zake zote, picha za harusi, matangazo ya misiba, ubishi wa Simba na Yanga, kwa sababu tu mtambo uliozipika uliharibika na hakuna aliyejua kuuwasha tena? Kama unaandika kitu ambacho unataka wajukuu wakisome, siyo lazima kipendeze kuliko vyote. Weka mafaili yake pembeni, mepesi, yanayofunguka kwenye simu yoyote.

Je, wewe una ukurasa gani wa zamani ulioupenda na leo ukiutafuta haufunguki?